Alilinda wazee kwa harufu ya kahawa, kisha pua ikamfia

Saa moja na robo asubuhi. Ukungu wa mlima Entoto bado haujainuka juu ya mabati ya Shiro Meda, kaskazini mwa Addis Ababa, na Felekech Wordofa ameshapita vichochoro vinne. Anatembea kama mtu aliyeacha kitu jikoni. Mkono mmoja umeshika daftari, mwingine umeshika ncha ya mtandio wake mweupe usiguse matope.

Kila baada ya milango mitatu minne anasimama na kupaza sauti.

"Nani kakaanga?"

"Mimi!" anajibu mwanamke mmoja kutoka ndani. "Na wa mbele yangu kakaanga. Na bibi wa kona naye kakaanga, ila leo kaacha mbichi, mwambie!"

"Mwambie mwenyewe, mdomo si unao?"

Vicheko vinatoka nyuma ya mabati. Felekech anatia alama tatu daftarini na kuondoka bila kuaga, na anayetaka kumhoji itabidi akimbie nyuma yake.

Kinachokaangwa ni buni. Huku asubuhi haianzi mpaka kikaango kiwekwe motoni, na mwenye pua nzima hana haja ya kuuliza nani kakaanga, kwa sababu moshi wa kahawa unamfuata mpaka barabara kuu. Felekech anauliza kwa kuwa yeye hapati harufu yoyote. Si ya kahawa, si ya ubani, si ya mtaro. Pua yake ilikufa Julai mwaka jana alipougua korona, na mpaka makala haya yanaandikwa, katikati ya Februari 2021, haijafufuka.

"Usije ukaniandikia pole," anasema bila kugeuka. "Andika kwamba niliificha. Hiyo ndiyo habari."

Felekech, mwenye umri wa miaka 46, ni mhudumu wa nyumba kwa nyumba wa Dejaf, shirika dogo linalowahudumia wazee wanaoishi peke yao. Jina hilo maana yake ni mbele ya mlango, ingawa kabla ya korona shirika halikuwa na habari na milango ya watu. Lilikuwa na ukumbi mmoja wa matofali, jiko la kuni, na wazee 64 waliojileta wenyewe kila siku ya kazi. Walikula injera, mkate mpana wa nafaka ya tefu, wakaoshwa miguu, wakanywa kahawa na kuwasengenya walio hai na waliokufa.

Yeye alikuwa mpishi wa ukumbi huo. Kabla ya hapo, kwa miaka 23, alikuwa mbeba kuni. Alianza akiwa na miaka 14, akipanda Entoto alfajiri na kushuka na mzigo wa matawi ya mikaratusi mrefu kuliko upana wa uchochoro, akauuza birr 40, siku nzuri 50. Mgongo wake bado umeinama kidogo upande wa kushoto. Miguu nayo haijazoea kukaa.

"Aliyenifundisha kufunga mzigo ni Emama Tewabech," anasema, na hapo kwa mara ya kwanza asubuhi hii anapunguza mwendo. "Mama yangu alikuwa kafa. Yeye ndiye aliyeniambia, kamba ipite kifuani, isipite tumboni, utakuja kukosa mtoto. Nikampata Eyerus. Kila nikimwona binti yangu namkumbuka yule bibi."

Tewabech, ambaye Felekech humwita Emama kama kila bibi anavyoitwa huku, ana miaka 81 kwa hesabu ya shirika na 76 kwa hesabu yake mwenyewe. Anaishi peke yake katika chumba kimoja mwisho wa uchochoro wa saba. Mtaa mzima unamjua kwa jambo moja: anaunguza buni. Wenzake hukaanga mpaka rangi ya udongo, yeye hukaanga mpaka rangi ya makaa, na akiambiwa husema kahawa isiyoungua ni chai.

Machi 2020, wiki ile ile shule zilipofungwa, ukumbi wa Dejaf ukafungwa pia. Mkurugenzi wake, Hirut Abate, muuguzi mstaafu ambaye kila mtu humwita Sista, aliagiza wazee wapigiwe simu kila siku. Wasio na simu wakatafutiwa. Wafanyakazi watano waligawana majina.

"Siku ya tano wakaniletea ripoti," anakumbuka Sista Hirut. "Wazee sitini na wanne, wote wazima kabisa. Nikafurahi. Wakati hata mimi mwenyewe sikuwa mzima!"

Kosa lilikuwa mbele ya macho yao, na hakuna aliyeliona kwa sababu wote wamezaliwa huku. Ukimuuliza mtu wa Addis hali yake, atakujibu kwamba anamshukuru Mungu. Atajibu hivyo akiwa harusini, na atajibu hivyo hivyo akiwa hoi kitandani. Ni adabu, na wazee wana adabu kuliko wote. Katika wale 64, wawili walikuwa na homa kali na mmoja hakuwa amekula tangu juzi yake. Wote watatu walimshukuru Mungu kwenye simu, kisha wakauliza hali ya watoto.

Kuwaendea nako kulikuwa na balaa lake. Felekech aligonga mlango wa kwanza, bibi akatoka mikono imetandazwa, akambusu shavu la kulia, la kushoto, la kulia tena, na barakoa ikaenda upande.

"Nikarudi nyuma, naye ananifuata," anasimulia. "Nikamwambia, Emama, serikali imekataza. Akaniambia, kwani serikali ndiyo iliyokuzaa?"

Mlango wa pili akavutwa ndani anywe kahawa. Na kahawa ya huku si finjani moja ukaondoka. Ni tatu, na ukiikataa ya tatu umekataa baraka ya nyumba. Kwa mwendo ule asingewafikia wazee wote hata kwa mwezi, na huenda angewabebea ugonjwa wenyewe.

Ndipo alipoingia ofisini kwa Sista Hirut, akakataa kiti, akasema akiwa amesimama mlangoni: "Sista, mdomo utasema mzima. Lakini hakuna mgonjwa anayekaanga buni."

Alikuwa na maana hii. Aliyelala hoi hawashi makaa, haoshi buni, hakai kwenye kigoda robo saa nzima akitikisa kikaango. Harufu ya kahawa ikitoka, mtu kaamka, anajiweza, ana moto na ana maji. Isipotoka, gonga. Huna haja ya kumsumbua mzima wala ya kubusiwa. Pita tu, unuse, utie alama.

Njia yenyewe ilikuwa rahisi mno hata mfadhili mmoja wa nje akaicheka kwenye mkutano wa mtandaoni. Sista Hirut akaiandika upya katika ripoti kwa jina la "viashiria vya mazingira ya kaya", na fedha zikaja. Kufikia Julai, Dejaf ilikuwa na wahudumu tisa na wazee 310 katika mitaa mitatu. Siku za kawaida walipita asubuhi. Siku za mfungo, ambazo huku ni nyingi, walipita alasiri baada ya saa tisa, maana wafungao hawaonji hata maji kabla ya hapo.

Hakukuwa na pua kama ya Felekech. Aliijua kahawa ya kila nyumba: hii ya Jimma, ile ya Harar, huyu katia iliki, yule makaa yake mabichi. Ya Tewabech aliitambua akiwa bado uchochoro wa tano. Mshahara wake ukapanda hadi birr 3,200 kwa mwezi, na Eyerus, aliyekuwa na miaka 19, akaandikishwa chuo cha ualimu.

Katikati ya Julai akaugua. Alipimwa, akakutwa na korona, akawekwa siku 14 katika shule iliyogeuzwa kituo cha karantini. Hakuumwa sana. Alipimwa tena, akapewa cheti cha kupona, na alirudi kazini siku ya kwanza ya Filseta, mfungo wa wiki mbili wa mwezi Agosti. Ulikuwa msimu wa mvua kubwa, ile inayogonga mabati mpaka watu wa chumba kimoja wanazungumza kwa mikono.

Alipita uchochoro wa kwanza. Hakuna harufu. Akagonga mlango kwa hofu, bibi akatoka na kikaango kinachofuka mkononi.

"Una nini wewe?" bibi akafoka. "Huoni kama nakaanga? Unataka buni zangu ziungue kama za Tewabech?"

Aligonga milango mitano siku hiyo, na watano wote walikuwa wazima na wamekasirika. Akajiambia ni mvua, inauangusha moshi chini. Jioni akakaa jikoni kwake kuchambua dengu. Eyerus alitoka chumbani mbio akikohoa, akanyakua sufuria ya shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, iliyokuwa imeungua mpaka nyeusi.

"Mama! Nyumba nzima inanuka, na wewe umekaa hapo hapo!"

Felekech alikuwa hatua mbili kutoka motoni.

"Nilijua tangu dakika ile," anasema. "Nisikudanganye. Nilijua, nikamwambia mtoto, fungua dirisha. Nikafikiria, kazi yangu ni ya pua na pua sina. Chuo cha huyu nani atalipa? Nirudi mlimani nikiwa na mgongo huu?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba angefukuzwa. Hakumuuliza mtu. Kesho yake alianza kufanya kazi ya pua kwa macho: akiona moshi ukipenya kwenye mabati ya nyumba, anatia alama na kupita.

Mwandishi wa makala haya anaishi mitaa hii mwaka wa tisa sasa, amekunywa kahawa ya Felekech mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, na angependa sana kumtetea. Hawezi. Lilikuwa kosa, alilijua kuwa ni kosa, na alilirudia kila siku kwa siku kumi na mbili.

Jumanne ya Agosti 18, saa tisa na nusu alasiri, alipita uchochoro wa saba katikati ya mvua. Moshi ulikuwa unatoka juu ya ukuta wa Tewabech. Akatia alama. Jumatano akapita tena, mvua ile ile, moshi ule ule, akatia alama.

Alhamisi mvua ilipumzika. Felekech alikuwa ameshafungua daftari aliposikia anaitwa na Zinash, mwoka injera ambaye chumba chake kinapakana na cha Tewabech ukuta kwa ukuta. Zinash alikuwa amesimama mlangoni na unga wa tefu mpaka viwikoni.

"Dada, hebu njoo. Bibi yuko wapi?"

"Si yupo ndani. Jana alikuwa anakaanga."

"Nani alikuwa anakaanga?"

"Emama. Moshi nimeuona mwenyewe."

"Moshi ule wangu!" Zinash akasema. "Naoka injera siku tatu hizi, moshi unapitia kwake. Bibi hajaunguza buni tangu Jumatatu. Mimi nikasema labda kaenda kanisani, kalala huko na wafungaji wenzake. Nilitaka nigonge, kisha nikasema nisiwe na kiherehere, Felekech anapita kila siku. Kungekuwa na neno angeligundua kabla yangu."

Walivunja komeo kwa mchi wa kutwangia pilipili.

Tewabech alikuwa sakafuni, kati ya jiko la makaa na kitanda, nyonga imevunjika. Buni mbichi zilikuwa zimetawanyika mpaka chini ya mlango. Karibu na mkono wake kulikuwa na bakuli chini ya tundu la paa linalovuja, na maji ya bakuli hilo ndiyo yaliyomweka hai tangu Jumanne mchana.

"Emama!" Felekech akapiga magoti. "Emama, vipi hali?"

"Namshukuru Mungu," akajibu Tewabech kwa sauti ya kukwaruza. "Eyerus hajambo?"

Zinash akaenda kutafuta watu wa kubeba machela. Walipobaki wawili, bibi akamshika Felekech mkono na kumwambia jambo ambalo Felekech analirudia neno kwa neno, kwa namna ya mtu anayesoma hati.

"Nimekusikia ukipita. Juzi, na jana. Miguu yako nani asiyeijua? Nikakuita, mvua ikanimeza sauti. Nikasema basi, Fele ana haraka leo."

Hapo Felekech anasimama katikati ya uchochoro. Analikunja daftari, analikunjua, analikunja tena. Analia waziwazi, hajifichi, na katikati ya kulia anatazama saa, maana kuna vichochoro viwili ambavyo bado hajavifikia.

Siku ile hakwenda nyumbani. Bibi alipopokelewa hospitali, alirudi ofisini matope yakiwa mpaka magotini, akamkuta Sista Hirut anafunga milango.

"Sista, mimi sina pua."

"Unasemaje?"

"Sinusi. Tangu karantini. Alama zote hizo nilitia kwa macho."

"Tangu karantini," Sista Hirut akarudia. "Na mimi kila Ijumaa nasaini daftari lako."

"Ndiyo, Sista."

Sista Hirut anakiri kwamba alikwishafungua mdomo kumfukuza. "Na ingekuwa haki yake," anasema. "Lakini akanitangulia. Akaniambia, nifukuze, ila usiende kutafuta mwenye pua nzuri kuliko yangu. Akasema, kabla sisi hatujaanza kupita, Zinash angegonga mlango ule Jumanne ile ile. Sisi ndio tuliomwambia atulie."

Mkurugenzi aliketi juu ya magunia ya unga, akavua miwani. Alikuwa na shirika lililokua mara tano kwa miezi minne, mfadhili aliyeridhika, na mpango wa kuajiri wahudumu wengine thelathini ifikapo mwaka mpya. Sasa mbeba kuni wa zamani alikuwa amemwonyesha kwamba kila mhudumu anayeajiriwa anawapumzisha majirani kumi.

Maana miaka yote kahawa ya vichochoroni ilinywewa kwa zamu. Leo kwangu, kesho kwako, na asiyetokea anafuatwa mpaka kitandani na kuulizwa ana kiburi gani. Korona ilipokuja, mikusanyiko ya zaidi ya watu wanne ikapigwa marufuku, majirani wakajifungia, na Dejaf ikapita na madaftari yake. Kila mtu akaona kazi imepata mwenyewe.

Felekech alisimamishwa mwezi mmoja bila mshahara. Hakulalamika. Mwezi huo aliumaliza hospitalini, akimgeuza Tewabech kitandani na kutukanwa kwa kutojua kukunja shuka.

Aliporudi Septemba, baada ya sikukuu ya mwaka mpya, ambayo huku huangukia mwezi huo, alipewa kazi ambayo hakuna aliyekuwa na jina lake. Alitumwa kuirudisha kahawa kwa majirani. Kila mzee anaunganishwa na nyumba tatu za jirani ambazo tangu zamani walikuwa wakinywa naye. Jumla wanne, kama amri inavyotaka. Kila mmoja anakaanga kwenye kizingiti chake, mlango wazi, finjani zake mwenyewe, wakipiga soga na kusutana toka upande mmoja wa uchochoro hadi mwingine. Asipotokea mmoja, aliye karibu anagonga kabla ya finjani ya pili. Dejaf inaleta makaa, buni, dawa na muuguzi, na mhudumu akipita anaongea na wale wanne wote.

Majirani hawakuhitaji kuajiriwa. Walikuwepo. Ndiyo maana shirika lililokuwa na ukumbi mmoja leo lina wazee 1,140 katika mitaa 11, na wafanyakazi wake hawazidi 14.

Si kila uchochoro umekubali kwa wema. Kuna wanne waliogombana kwa sababu ya kuku, na Felekech ameshawapatanisha mara tatu. Kuna waliouliza wanalipwa shilingi ngapi, kwa maana ya birr, na waliposikia hawalipwi wakafunga milango kwa wiki mbili mpaka aibu ilipowafungua. Na kuna vijana wanaomwita Mama Bila Pua, naye huwaitikia.

Kila anapoanzisha kikundi kipya huanza kwa kujitaja. Mtaa mmoja wa magharibi, mama mmoja mnene alisimama na kumnyooshea kidole.

"Kumbe wewe ndiye uliyempita yule bibi?"

"Ndiye mimi."

"Na umekuja kutufundisha nini?"

"Hicho hicho. Kwamba nilipita."

Halafu yule mama akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka mbele ya Felekech. Hakukikalia, anasema, lakini alikiona.

Anakiri kwamba bado halali vizuri. Mvua ikipiga mabati huamka na kuhesabu wazee kwa majina. Siku hizi hawezi kupita mlango bila kusikia jibu la mtu mwenye sauti, na ndiyo maana anapaza sauti vichochoroni kama muuza samli. Daktari amemwambia pua inaweza kurudi, inaweza isirudi. Kamshauri anuse vitu vyenye harufu kali kila siku, asubuhi na jioni, hata kama hapati kitu.

Kuhusu kesho, ana mpango mmoja na anausema akiwa tayari ameshapiga hatua. "Ugonjwa ukiisha, Sista atafungua ukumbi. Afungue, wazee waje wale, waoshwe miguu. Lakini asubuhi wabaki na majirani zao. Hapo nitapigana naye. Na siku ya kufungua, buni nikaange mimi, nijue mwenyewe imeiva lini, nisiulize mtu."

Saa tatu kasorobo anafika uchochoro wa saba, wa mwisho kila siku. Tewabech amerudi nyumbani tangu Desemba. Fremu yake ya kutembelea imeegeshwa ukutani, imeanikwa mtandio. Yeye yuko kizingitini kwenye kigoda, makaa mbele yake, anatikisa kikaango kwa mkono unaotetemeka na hataki kusaidiwa. Zinash yuko kwenye mlango wake. Majirani wengine wawili wako upande wa pili wa uchochoro na birika zao za udongo.

"Umechelewa," anasema Tewabech.

"Huyu mwandishi hajui kutembea, Emama."

"Alishwe."

Buni zinaanza kupasuka. Moshi unapanda, mweusi mweusi, na Zinash anaziba pua kwa kumtania bibi. Desturi inataka kikaango kipitishwe kwa wageni kabla buni hazijatwangwa, kila mmoja auvute moshi kwa kiganja na kuisifu kahawa. Tewabech anampa Zinash, Zinash anakileta mpaka mbele ya Felekech na kukishika mbali kidogo na mwili. Felekech anashusha barakoa. Anauvuta moshi kwa viganja vyote viwili, mara moja, mara mbili, mpaka macho yanamtoka machozi.

"Imekufikia?" anauliza Tewabech.

"Namshukuru Mungu," anajibu Felekech.

Zinash anatazama chini.

"Sijakuuliza habari za Mungu," anasema bibi. "Nimekuuliza pua."

Mtandio unamponyoka Felekech begani, ncha inagusa matope, naye hauokoti.

"Sipati kitu, Emama," anasema. "Hata kidogo. Miezi saba sasa."

Tewabech ananyoosha mkono, anachukua kikaango kwa Zinash, na kukirudisha juu ya makaa.

"Basi kaa," anasema. "Ngoja iungue kidogo."

Felekech anatazama saa yake. Anatazama kigoda kitupu kando ya bibi. Anakaa.